MTOTO ANAYELIA KAMA PAKA

Wazazi, kuna watoto wachache ambao wakizaliwa hulia kwa sauti nyembamba na ya juu, mfano wa mtoto wa paka. Majirani wakisikia kilio hicho, maneno huanza kambini: mama amevunja mwiko, au kuna mtu amemloga. Pengine jamaa ya bwana inataka bibi arudishwe kwao.

Huo ni ugonjwa. Waganga wanaujua tangu mwaka 1963, wakati Jérôme Lejeune na wenzake walipoueleza huko Paris, wakauita ugonjwa wa kilio cha paka. Hupata mtoto mmoja hivi kati ya 20.000 hadi 50.000.

Sababu yake ni hii. Ndani ya kila chembe ya mwili mna nyuzi ndogo sana ziitwazo kromozomu. Ziko 46: 23 zimetoka kwa baba, 23 kwa mama, nazo hubeba maagizo ya kuujenga mwili. Kwa mtoto huyu, kromozomu moja ya namba 5 imekatika na kipande kimepotea. Kipande kikiwa kikubwa, kwa kawaida mtoto huumia zaidi. Mara nyingi ajali hiyo hutokea wakati mbegu ya baba au yai la mama linapotengenezwa, kabla ya mimba. Na mabwana wasikilize vizuri: mara nyingi zaidi kromozomu iliyokatika ni ile ya baba! Naye hana kosa, kama vile mama hana.

Wafanyakazi watauliza juu ya vumbi la madini. Kwa ugonjwa huu, hakuna vumbi wala kazi inayojulikana kuuleta. Lakini utafiti wa Lubumbashi uliotangazwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba kasoro za kuzaliwa zinazoonekana kwa macho zilikuwa nyingi zaidi kwa watoto ambao baba zao wanafanya kazi ya madini. Basi, kuoga na kuacha nguo za kazi kazini si jambo la kudharau.

Kilio hicho kinatoka kooni, kwa sababu sanduku la sauti halikujengwa sawasawa. Mtoto akikua, sauti hubadilika; kwa hiyo mwambieni muganga mapema. Mtoto huzaliwa mdogo, kichwa kidogo, macho yameachana, mwili umelegea. Kunyonya kunamshinda, maziwa yanampalia. Wengine wana ugonjwa wa moyo. Mwaka wa kwanza ndio wa hatari kubwa: mnyonyesheni kidogo kidogo, kichwa kikiwa juu, na msikose siku ya kupima uzito.

Atachelewa kukaa, atachelewa kutembea, na maneno yatachelewa kuliko yote. Lakini watoto hawa husikia na kufahamu mengi kuliko wanavyoweza kusema. Wakifundishwa ishara za mkono za kuomba maji au chakula, hasira na kujipiga hupungua. Kumficha mtoto chumbani ni kumnyima mazoezi ya viungo na ya kusema, ambayo yanafaa yaanze akiwa bado mchanga.

Kwa watoto kama 1 au zaidi kidogo kati ya 10, mzazi mmoja, mwenye afya kamili, ana kromozomu ambazo vipande vyake vimebadilishana mahali. Huyo anaweza kuzaa mtoto mwingine wa namna hiyo. Ni kipimo cha damu ya wazazi wote wawili kinachoonyesha jambo hilo. Muulizeni muganga mahali kinapofanyika, kabla ya mimba nyingine.