Mistari Miwili na Mfuko Mtupu

Binti wa jirani yangu alikuja kwangu baada ya sala ya Isha, macho yamemvimba. Ameolewa mwaka jana na hii ndiyo mimba yake ya kwanza. Wiki tano nyuma kijiti cha kupimia mkojo kilitoa mistari miwili, nyumba nzima ikashukuru. Siku hiyo alikuwa ametoka kupigwa skani, akaambiwa mfuko wa mimba upo lakini ndani hamna mtoto. Kufika nyumbani, mavyaa wake akamuuliza kama kuna dawa alimeza. Shoga yake akamwambia ni jini. Yeye alikuwa na swali moja tu: "Ma'mdogo, kile kijiti kilinidanganya?"

Hakikumdanganya. Ila kuelewa kwa nini, inabidi turudi siku zile ambazo mwanamke mwenyewe hajui kama ana mimba.

Yai likishakutana na mbegu ya mume ndani ya mrija wa uzazi, hugawika likawa seli mbili, kisha nne, na kufikia siku ya tatu huwa nane hivi. Wakati huo seli zote zinafanana, na kila moja bado ina njia nyingi mbele yake. Mwaka 1959 mtaalamu wa Poland, Andrzej Tarkowski, alichukua viinitete vya panya vyenye seli mbili tu, akaiua moja na kuiacha nyingine. Baadhi ya hizo zilizobaki peke yake zilikua zikazaliwa panya wazima. Wako wataalamu wanaosema hata seli zikiwa nne tu tayari kila moja ina mwelekeo wake mdogo, na mjadala huo unaendelea.

Baada ya hapo seli hubanana. Mfikirie tende zilizoshindiliwa kwenye kanda: ya katikati imezungukwa na wenzake pande zote, ya pembeni ina upande mmoja usioguswa na mwenzake. Basi ndivyo ilivyo kwa seli, na tofauti hiyo ndogo ndiyo inayozitenga. Seli iliyo nje huuhisi ule upande wake ulio wazi. Ndani yake protini iitwayo YAP huingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni za kazi ya nje. Kwa seli iliyobanwa katikati, protini hiyo huzuiwa mlangoni. Jambo hili lilijulikana kwanza kwa panya, na mwaka 2020 watafiti wa Francis Crick Institute, London, walionyesha kwamba kwa binadamu na ng'ombe nako mwanzo wake unafanana.

Kufikia siku ya tano mimba ni kama puto dogo lenye maji, na upande mmoja kwa ndani kuna kishada cha seli. Hizi za ndani ndizo mwili wa mtoto utakaotokana nazo (baadaye nazo hujitenga, nyingine zikatengeneza kile kifuko cha kiini kinachoonekana kwenye skani). Zile za nje haziwi mtoto kamwe. Kazi yao ni kushika ukuta wa mfuko wa uzazi na kuwa kondo la nyuma, lile tunalolizika kwa heshima baada ya uzazi bila kujiuliza lilitoka wapi. Lilitoka kwenye seli zilezile, ndugu wa mtoto kabisa, zilizojikuta nje.

Na ni hao wa nje wanaotoa homoni ya mimba, hCG, ambayo huingia kwenye damu ya mama na kutoka na mkojo. Kijiti husoma homoni hiyo peke yake. Kwa maneno mengine, kijiti husikia sauti ya kondo, hakina njia ya kujua hali ya mtoto. Wa nje wanaweza kuendelea na kazi yao, mfuko ukakua, kichefuchefu kikaja, ilhali wa ndani walishasimama zamani.

Mwaka 1967 Tarkowski na mwenzake Joanna Wróblewska walizitenganisha seli za panya zilipokuwa nne na nane. Nyingi zilijitengenezea kipira kidogo chenye ngozi ya nje, ndani hamna kitu, maana seli zilikuwa chache mno hata isipatikane ya kukaa katikati. Mimba ya binti yetu haikuharibika kwa njia hiyo, lakini inaonyesha kwamba ganda linaweza kujengeka bila mwenyewe.

Kwa binadamu sababu kubwa ni hesabu ya kromosomu. Zinatakiwa 46, ikizidi au ikipungua moja wakati yai au mbegu inaumbwa, mara nyingi safari hukatika. Karibu nusu ya mimba zinazotoka katika miezi mitatu ya mwanzo, pengine zaidi, zina kasoro hiyo. Nayo hutoka kwa mke au kwa mume.

Qur'ani imetutajia nutfa, alaqa na mudgha, na wapo wanaopenda kubandika kila jina kwenye siku yake ya maabara. Mimi siingii huko. Ninachouliza ni mbona mwanamume akipata msiba tunasema kadari, na mwanamke akitokwa na mimba tunamtafutia kosa.

Jambo moja la kushika: mfuko ukiwa bado mdogo, chini ya milimita 25, utupu wake hauthibitishi kitu. Huenda siku zilihesabiwa vibaya, na skani hurudiwa baada ya wiki moja au mbili. Usikubali kusafishwa kabla ya hapo, isipokuwa kuna hatari kama kuvuja damu nyingi. Wa binti huyu ulikuwa umepita kipimo hicho, na hata hivyo alirudiwa.

"Kwa hivyo si ule mtungi wa maji niliobeba siku ya harusi ya Mwanaisha?" akaniuliza.

Nikamwambia tuhesabu pamoja. Harusi ilikuwa wiki iliyopita. Kosa la hesabu, likiwa ndilo, liliingia siku ya kwanza.