Mwasumini wa Chungu Haulishwi Ukashiba

Kikuba bila asumini ni mrehani uliofungwa uzi, basi. Maua hayo huchumwa yakiwa bado vitumba, yafunguke usiku kwa mvaaji, na mti wake hapa Unguja haupandwi kwa mbegu. Hukatwa kijiti, kikatiwa udongoni, kikatoa mizizi. Kwa hiyo mwenye kutaka miche, ya kuuza au ya kugawia jirani, huutenga mmea mmoja uwe mama: haukusudiwi maua, unakusudiwa matawi. Mtaa kama Mwanakwerekwe, nyumba zimebanana na ua umetiwa saruji, mama huyo hukaa chunguni au kwenye ndoo iliyotobolewa. Hapo ndipo kosa linapoanza, kwa sababu mkono wa mlezi hukimbilia samadi. Fikra ni kwamba mama anayekatwa kila mara anahitaji ardhi nono. Mimi nadai kinyume chake: kinachomfaa ni udongo unaopumua kwa muda mrefu bila kuguswa, na chakula kidogo kisichokatika. Mwenye ardhi ya kupanda chini apande chini, makala hii haimhusu sana.

Tuanze na chungu chenyewe, maana wengi hukidhani ni kipande cha shamba kilichohamishwa. Sivyo. Shambani maji hushuka kufuata maji. Chunguni hufika kitako yakasimama. Chukua sifongo ya kuoshea vyombo, uiloweshe, uilaze juu ya viganja mpaka iache kudondosha. Kisha isimamishe wima: itadondosha tena. Maji yaliyobaki sehemu ya chini ya sifongo ndiyo yanayobaki chini ya kila chungu, matundu yawepo au yasiwepo, na kadiri chungu kilivyo kifupi ndivyo tabaka hilo linavyokula nafasi kubwa ya mizizi. Kuna watakaosema dawa yake inajulikana tangu zamani, nayo ni kuweka kokoto chini. Kwa bahati mbaya kokoto hupandisha tabaka la maji juu zaidi, kwa kuwa maji hayatoki kwenye udongo laini kuingia kwenye uwazi mkubwa mpaka udongo ule ujae kwanza. Dawa ni kuubadilisha udongo wote, kuanzia juu hadi chini, uwe na chembe kubwa za kutosha kupitisha hewa.

Udongo gani, basi? Wakulima wa Unguja wana majina yao: kinongo, ule mwekundu wenye rutuba, kinamo, mzito wa mabondeni, mchanga, na uwanda, udongo haba uliokaa juu ya mawe ya matumbawe. Kinamo tukiache nje ya chungu, maana kikilowa hufunga na kikikauka hupasuka na kukata mizizi. Kinongo kinafaa, lakini peke yake baada ya miezi kadhaa ya kumwagiliwa hushikamana kama sakafu, na hutaka wenziwe. Katika miaka ya 1930, William Lawrence na John Newell wa taasisi ya kilimo cha bustani ya John Innes, Uingereza, walichoshwa na watunza bustani ambao kila mmoja alikuwa na mchanganyiko wake wa siri kwa kila ua. Baada ya majaribio mengi walionyesha kwamba mchanganyiko mmoja unatosha mimea ya aina nyingi: udongo sehemu 7, piti, yaani mabaki ya mimea ya vinamasi, sehemu 3, na mchanga sehemu 2. Piti sisi hatuna, ila tuna makumbi. Vumbi la makumbi hushika maji na hewa kwa pamoja na huchelewa kuoza, jambo ambalo mboji ya majani haiwezi. Tahadhari ni moja: makumbi yaliyofukiwa pwani ili yatoe usumba yamelewa chumvi, na lazima yaoshwe kwa maji baridi mara kadhaa. Vifuu vilivyopondwa navyo husaidia, na hukaa miaka.

Mchanga nao si wowote. Ule mweupe wa pwani ni matumbawe na makombe yaliyosagika, yaani chokaa, mbali na chumvi yake. Mchanga wa shimo, ule wa kujengea, ndio wa kuchukua. Kifusi cha plasta na vipande vya matofali ya saruji visitiwe hata kidogo, na majivu ya jikoni pia yapunguzwe, kwa sababu hiyo hiyo ya chokaa. Kisiwa chetu kimekaa juu ya matumbawe na maji ya visima vyake yamepita humo. Angalia utando mweupe ndani ya birika. Mwasumini hupenda udongo wenye uchachu kidogo, na chokaa ikizidi, madini ya chuma yaliyomo udongoni hayanyonyeki tena. Majani machanga hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Mlezi akiona manjano hudhani njaa, akaongeza samadi, na hali haibadiliki. Njaa ya naitrojeni ina sura nyingine: huanza kwa majani ya zamani, ya chini, nayo hufifia jani zima. Anayeweza kutofautisha manjano hizo mbili ameokoa fedha, na tiba ya ile ya kwanza mara nyingi ni pipa la kukingia mvua ya batini.

Sasa chakula. Hoja nzito dhidi yangu ni kwamba kila kijiti kinachokatwa kinaondoka na virutubisho, kwa hiyo mama lazima alipwe. Kweli, alipwe. Swali ni kiasi. Mwaka 1918, Kraus na Kraybill wa Oregon, Marekani, walichapisha utafiti wao juu ya mnyanya. Vijiti vilivyokuwa na naitrojeni nyingi na wanga kidogo vilioza bila kutoa mizizi. Vya manjano, vilivyojaa wanga lakini vyenye naitrojeni haba, vilitoa mizizi tele ila machipukizi dhaifu. Vya kijani vyenye vyote viwili vilitoa mizizi michache kidogo na machipukizi yenye nguvu. Mnyanya si mwasumini, nakubali, lakini kanuni hiyo watunza vitalu wameikuta kwa mimea mingi: kijiti kilichokatwa hakina mizizi ya kukilisha, kinaishi kwa akiba ya wanga wake. Mama aliyeshibishwa hutoa matawi marefu, mororo, ya kupendeza macho, yanayoozea kwenye mchanga wa kuoteshea.

Ndiyo maana konzi moja ya samadi ya ng'ombe iliyooza na kuchekechwa, kwa chungu cha lita 10, kila miezi miwili hivi, inatosha. Ya kuku ni kali, ipunguzwe nusu. Chicha la nazi huleta sisimizi na panya kabla halijaleta faida. Mbolea ya dukani si sumu kama wengine wanavyohubiri. Tatizo lake ni kipimo. Yuria ni asilimia 46 naitrojeni, na kijiko kimoja cha chai hubeba karibu gramu 2 za naitrojeni hiyo, karamu kubwa kwa mmea mdogo. DAP, iliyo 18 kwa 46, imejaa fosforasi, na fosforasi ikizidi huzidisha ile shida ya chuma. Mwenye kupenda mbolea ya maji atumie NPK iliyozimuliwa hadi robo ya kipimo cha pakiti. Masika, mvua hupitia chunguni na kuzoa naitrojeni. Hapo kidogo-kidogo hushinda kingi cha mara moja, na samadi inayoachia polepole hushinda chumvi inayoyeyuka siku hiyo hiyo. Kiangazi mambo hugeuka: chumvi za mbolea na za maji ya kisima hujikusanya, ukingo wa chungu ukaota weupe, na kinachotakiwa ni kumwagilia mpaka maji yatoke chini kwa wingi.

Kabla ya kukata, tawi lenyewe litasema kama limelishwa sawasawa. Likunje kwa ghafla baina ya vidole. Likipinda kama uzi bila kuvunjika, bado ni maji matupu, liachwe wiki mbili bila mbolea. Likivunjika kwa mlio, kisu kiletwe.