Tai na Bundi wa Nyasubi

Desemba iliyopita tulikwenda Kahama kumtazama shemeji yetu, aliyehamia huko kwa biashara ya mpunga, tukafikia kwake Nyasubi. Asubuhi ya pili, baada ya mvua kubwa ya usiku, kumbikumbi walifumka ardhini kama moshi, na watoto wakatoka na mabakuli. Kando yao, katika kiwanja cha majani, walikuwapo tai kumi na mmoja, wakubwa, wa rangi ya udongo, wakitembea kama kuku na kudonoa kumbikumbi mmoja mmoja. Nasi tulidhani tai hali ila sungura na mbuzi mchanga!

Tai hao si wenyeji. Huzaliwa katika nyika za Urusi, Kazakhstan na Mongolia, na baridi ikikaribia hushuka Arabuni, wakavuka Bahari ya Sham penye mlango mwembamba wa Bab el-Mandeb. Mwaka 1987 watu waliokaa upande wa Jibuti walihesabu zaidi ya 76,000 kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Sababu ya kufuata njia ile ni kuwa tai hapigi mbawa safari nzima. Hupandishwa na hewa ya moto itokayo ardhini, kisha akaelea. Juu ya bahari hewa hiyo ni haba, ndiyo maana sisi wa visiwani ni nadra kumwona. Kozi wa Amur, ambaye uzito wake ni gramu 150 hivi, yeye hupiga mbawa, akavuka Bahari ya Hindi kutoka India mpaka Afrika pasipo kutua, naye pia hula kumbikumbi.

Na kumbikumbi ni nani ila mchwa wenye mbawa? Aliyepoteza miche ya mikarafuu kwa mchwa hana haja ya kuelezwa zaidi. Lakini tangu 2015 tai wale wamo katika orodha ya ndege walio hatarini kutoweka duniani. Huuawa na nyaya za umeme na kwa sumu.

Usiku bundi akalia juu ya mwembe. Shemeji akaokota jiwe.

“Huyo analeta msiba,” akasema.

“Shemeji, hebu ngoja. Pemba tunaye wetu, mdogo, hapatikani kwingine popote ulimwenguni. Bwana Pakenham alimwandika vitabuni mwaka 1937. Hukaa msitu wa Ngezi na katika mikarafuu yetu, akila wadudu.”

“Nanyi hamumpigi?”

Hapo tulinyamaza kidogo. Msimu uliopita, shambani mwetu wenyewe, kijana mmoja wa kuchuma alimwangusha bundi kwa manati, nasi tulikuwa tumesimama chini ya mti ule, tusiseme neno. Tukamweleza shemeji hayo kama yalivyokuwa.

Akaliweka jiwe juu ya kizingiti. Bundi alilia tena mara mbili, kisha akaruka kuelekea majarubani.