KUIPIMA KEEZO KABLA YA KUINUNUA

Miguu ya vitanda vya samadari vya Mji Mkongwe ni kazi ya keezo, mashine ya kukerezea mti. Ukitaka kununua iliyokwisha tumika, ipime kwanza.

Chomoa waya wa umeme. Shika mhimili, yaani chuma kinachozungusha mti, uusukume juu na chini. Ukicheza, beringi zimelika. Hizo hubadilishwa, basi omba upunguziwe bei.

Sasa weka kalamu ya risasi karibu na mhimili bila kuugusa, uuzungushe kwa mkono. Ukiigusa kalamu upande mmoja tu, umepinda: usinunue. Mti utatetema, patasi itang'ata, nawe utaumia.

Mwisho, sogeza vichwa viwili: ncha zao zikutane sawasawa.