Lisemwalo Si Habari Mpaka Lithibitishwe

Wahenga walisema: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hiyo hupendeza barazani, lakini mwanafunzi wa mawasiliano aingiapo kwa mara ya kwanza katika chumba cha habari cha televisheni hana budi kuiacha mlangoni. Humo ndani lisemwalo huhesabiwa kuwa halipo, mpaka apatikane mtu wa kulithibitisha.

Mwanafunzi huja akitazamia taa kali na msomaji wa habari aliyevaa vizuri. Badala yake hukuta meza zilizojaa karatasi, simu zisizonyamaza, na mhariri anayeuliza maswali yale yale tangu kikao cha asubuhi: Nani kasema? Yeye mwenyewe aliona, au alisikia? Picha hii ilipigwa wapi, na siku gani? Televisheni huonyesha picha 25 kwa kila sekunde moja. Hivyo habari ya dakika moja na nusu ina picha 2,250. Ikiwa chache tu kati ya hizo ni za mahali pengine au za mwaka mwingine, habari nzima imekuwa uongo, hata kama kila neno lililosomwa lilikuwa la kweli.

Katika mwambao wa kaskazini wa Cabo Delgado, nchini Msumbiji, somo hilo limelipiwa kwa machozi. Watu wa Palma wanaikumbuka tarehe 24 Machi, 2021, siku mji wao uliposhambuliwa na simu zikakatika. Maelfu walikimbilia msituni na baharini. Kwa siku kadhaa jamaa waliokuwa Pemba, na wengine ng'ambo ya Mto Ruvuma upande wa Mtwara, hawakujua nani yu hai na nani amekufa. Uvumi ulijaa kila mahali. Meli iliyobeba watu zaidi ya 1,000 ilipotia nanga Pemba, picha za abiria wakishuka zilikuwa kwa mama mmoja faraja, na kwa mwingine mwanzo wa msiba. Anayepiga picha kama hizo anashika mkononi mioyo ya watu.

Redio Ilitangulia

Msumbiji ilianza televisheni ya majaribio mwaka 1981, na mwaka 1991 ikapata jina la TVM. Lakini watu wa kaskazini walijua nguvu ya matangazo zamani kabla ya hapo. Wakati wa vita vya ukombozi vilivyoanza tarehe 25 Septemba, 1964, sauti ya FRELIMO iliwafikia kutoka Dar es Salaam, na wasikilizaji waliinamia redio zao kwa siri.

Hata leo, vijijini redio ndiyo hufika kwanza. Vituo vidogo vya jamii hutegemea sana vijana wanaojitolea, na kazi yao haifanywi kwa Kireno peke yake. Mwambaoni kuna Kimwani, kuna Kimakonde, kuna Kimakwe upande wa Palma, na Kiswahili kinachovuka mpaka pamoja na wavuvi na wafanyabiashara. Onyo la kimbunga au la kipindupindu lisilosemwa kwa lugha ya nyumbani ni kama halikutolewa.

Gharama ya Kazi Hiyo

Mwishoni mwa mwaka 2020 wavamizi waliharibu kituo cha redio ya jamii cha Mtakatifu Fransisko wa Asizi, wilayani Muidumbe, na watangazaji wake wakakimbia pamoja na wananchi wengine. Kabla ya hapo, jioni ya tarehe 7 Aprili, 2020, Ibraimo Mbaruco, mtangazaji wa redio ya jamii ya Palma, alimtumia mwenzake ujumbe mfupi akisema kwamba amezungukwa na wanajeshi. Hakuonekana tena. Miaka ilipita, na jamaa zake wakawa bado wanauliza.

Jambo hili ni zito kwa askari na polisi wa nchi yoyote. Sheria ya magazeti ya Msumbiji ya mwaka 1991 inalinda uhuru wa mwandishi, nayo Katiba inalinda haki ya mwananchi ya kupata habari. Mwandishi naye ana wajibu wake: mwanafunzi hufundishwa kutotangaza njia watakayopita askari, kutoonyesha uso wa mtoto aliyeteswa, na kutotaja jina la marehemu kabla ya jamaa zake kuarifiwa. Kila mmoja akishika mpaka wake, mwenye bunduki na mwenye kalamu hawana sababu ya kuogopana. Mwandishi akinyamazishwa, uvumi haunyamazi. Huongezeka, na uvumi huo huo humtoa mwanakijiji mbio usiku bila sababu, au humfanya abaki nyumbani wakati wa hatari ya kweli.

Somo hili lafaa hata majumbani. Mke wa askari aliye mbali apatapo ujumbe wa simu wenye picha ya kutisha, na aulize kama mhariri aulizavyo: Nani kaona? Wapi? Lini? Asipopata jibu, asiupeleke kwa jirani. Huenda jirani huyo naye ana mwana vitani.