Pikipiki Inapoanza Kudai Matengenezo

Madereva wengi wa bodaboda hawaendeshi pikipiki zao wenyewe. Dereva hupeleka hesabu kila siku au kila wiki, na ikiwa amechukua chombo kwa mkataba, hatimaye hukabidhiwa pikipiki pamoja na ubovu wote uliolimbikizwa njiani. Kwa dereva wa namna hiyo, dalili iliyopuuzwa leo ni gharama itakayomwangukia yeye mwenyewe. Kwa abiria aliyeketi nyuma yake, gharama hiyo inaweza kuwa uhai. Makala haya yanaeleza dalili ambazo mtumiaji anaweza kuzitambua kwa jicho, sikio na mkono, bila kufungua injini.

Tuanze na cheni, kwa kuwa husahaulika upesi, hasa katika pikipiki ambazo cheni imefunikwa yote. Mfuniko huo huzuia vumbi, lakini pia huficha uchakavu. Kwa kawaida huwa na tundu la kukagulia lililozibwa kwa kizibo cha mpira. Zima injini, ondoa gia, simamisha pikipiki kwa stendi ya kati, kisha isukume cheni juu na chini katikati ya upande wake wa chini. Kwa pikipiki nyingi za cc 100 hadi 150, cheni inapaswa kucheza takriban sentimita 2 hadi 3. Kipimo kamili kimo katika kitabu cha mtengenezaji. Zungusha gurudumu kwa mkono na upime tena mahali pengine. Ikiwa imekaza sehemu moja na kulegea sehemu nyingine, cheni hiyo imevutika isivyo sawa, na kuikaza zaidi hakutaiponya. Kamwe usiizungushe kwa nguvu ya injini, kwani hukata vidole.

Tazama pia meno ya sproketi ya nyuma. Yakiwa yamechongoka na kuinama upande mmoja mfano wa ndoana, yamekwisha. Hapo ndipo watumiaji wengi hununua cheni peke yake ili kupunguza gharama. Cheni mpya ikifungwa juu ya meno yaliyolika, huchakaa mapema, na fedha iliyodhaniwa kuokolewa hulipwa mara ya pili. Nunua seti nzima.

Breki za nyuma za pikipiki nyingi ni za ngoma, na nyingi kati ya hizo zina mshale mdogo kwenye mkono unaovutwa na fimbo ya breki. Kanyaga breki hadi mwisho; mshale ukifika au ukipita alama iliyochorwa kwenye bamba la breki, viatu vya breki vinapaswa kubadilishwa, hata kama pikipiki bado inasimama. Mlio wa chuma kukwaruza chuma maana yake umechelewa. Kwa breki ya diski ya mbele, mkono wa breki unaobonyea kwa ulaini kama sponji huashiria hewa ndani ya mfumo. Pikipiki hiyo isibebe mtu hadi itengenezwe.

Kuhusu oili, kuna dhana moja inayowapotosha wengi. Fundi huchovya kidole, akaona weusi, akatamka kwamba oili imekufa. Weusi peke yake si ushahidi, kwa sababu kazi mojawapo ya oili ni kubeba uchafu. Dalili za kuhofia ni nyingine. Oili yenye rangi ya maziwa imeingiliwa na maji, jambo linaloweza kutokea baada ya kupita kwenye mafuriko ya masika. Oili inayong'aa chembechembe za chuma hueleza kuwa kitu ndani kinasagika. Kiwango kikishuka bila tone kuonekana chini, na bomba likatoa moshi wa bluu, oili inaungua ndani ya injini. Moshi mweusi una maana tofauti: petroli inazidi hewa, na mara nyingi jambo la kwanza la kukagua ni kichujio cha hewa kilichojaa vumbi, kabla ya kukubali kununua kabureta.

Kanuni hiyo ya kuanza na kilicho rahisi inafaa pia kwa klachi. Ikiwa injini inanguruma zaidi mlimani lakini mwendo hauongezeki, klachi inateleza. Kwanza kagua waya wake. Ukikaza kupita kiasi, klachi haishiki sawasawa. Pili, uliza ni oili gani iliwekwa. Katika pikipiki nyingi, oili ya injini ndiyo hiyo hiyo inayolowesha klachi, na baadhi ya oili za magari huifanya iteleze. Tafuta alama ya JASO MA kwenye chupa. Baada ya hayo ndipo lizungumzwe suala la kununua sahani mpya za klachi.

Tairi halihitaji maelezo marefu: kashata zikilingana na vinundu vidogo vilivyo ndani ya mifereji yake, muda wake umekwisha. Unaponunua jipya, soma tarakimu 4 za mwisho za namba ya utengenezaji. Namba 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Unapompelekea fundi pikipiki, mweleze dalili uliyoiona badala ya kumtajia spea unayodhani imeharibika. Elewaneni bei kabla ya kazi kuanza, omba spea ya zamani urudishiwe, na udai risiti ya vilivyonunuliwa. Kwa aliye na mkataba, weka daftari la tarehe, kilomita na kazi iliyofanyika, na hakikisha mkataba unataja bayana nani analipia cheni, tairi na injini. Ikiwa hautaji, lizungumzeni na mwenye mali na mliandike kabla ya kuharibika kwa chochote.