Kivuli cha laga

Mtu anayefunga safari ya kulala kwenye hema ufuoni mwa Ziwa Turkana huulizwa swali moja kabla ya mengine yote: na mamba je? Swali lina sababu. Mbuga ya Kitaifa ya Central Island, inayofikiwa kwa boti kutoka Kalokol, kiasi cha kilomita 60 kutoka Lodwar, ni mazalio ya mamba, na moja ya maziwa yake matatu ya kreta limepewa jina lao. Anayelala huko asichote maji gizani wala kuoshea sufuria ukingoni. Lakini mamba makao yake yanajulikana. Hatari ninayoona inapuuzwa humngoja mgeni hata kabla hajaliona ziwa: laga, ule mto wa msimu ambao siku nyingi za mwaka ni mchanga mtupu.

Lodwar hupata takriban milimita 200 za mvua kwa mwaka, na tarakimu hiyo ndiyo humpotosha mgeni. Yeye anahesabu mvua kwa mwaka, ilhali laga inaihesabu kwa saa. Mvua ya nchi kame huja kwa kishindo, na udongo uliochomwa na jua hadi ukashika ukoko, usio na nyasi za kuyapunguza maji mwendo, hauwezi kuyanywa kwa kasi hiyo. Maji huteleza juu yake kama kwenye sakafu, vijito vikakutana, na vyote vikaishia korongo moja. Huenda dhoruba yenyewe imepiga vilima vya Loima, mbali na hema, na aliyelala mchangani ana nyota tele juu yake. Wala si lazima maji yawe mengi. Mkondo wa kasi wenye kina cha sentimita 15 unaweza kumwangusha mtu mzima. Wa sentimita 30 unaweza kulisomba gari dogo. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja, na kasi ikiongezeka maradufu, msukumo huongezeka mara nne. Hapo bado hatujahesabu magogo yanayokuja nayo.

Wapo watakaosema kwamba wachungaji hushinda ndani ya laga na mifugo yao, wakichimba visima mchangani, na hawasombwi. Ni kweli, ila mchungaji yuko macho, anajua mawingu ya upande gani yanalisha laga ipi, na hana hema la kung'oa. Wengine hutegemea Bwawa la Turkwel, lililokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa kuwa limeufunga mto wa jina hilo. Limeufunga kwa juu tu. Kawalase, laga inayoingia Turkwel hapo hapo Lodwar, haipiti bwawani. Kakuma nako, mto wa msimu wa Tarach hauna bwawa la kuupunguza nguvu, na umekwisha kufurika mara kadhaa ukabomoa nyumba za wakimbizi. Hoja iliyo ngumu kujibu ni ya joto: mchana wa nyuzi 35 na zaidi, kivuli kiko wapi kama si kwenye laga? Hilo halina ubishi. Lakini migunga na mikoma imestawi pale kwa kuwa maji hupita pale. Basi kivuli kitumike mchana, na usiku hema lihamie juu.

Juu kiasi gani? Miti yenyewe hujibu. Tazama miiba ya migunga ya kando: vijiti, nyasi kavu na vipande vya plastiki vilivyonasa huonyesha mafuriko yaliyopita yalifika wapi, na mara nyingi alama hiyo iko juu ya kichwa cha mtu. Hema lipigwe juu ya mstari huo, ingawa huko upepo ni mkali zaidi. Upepo wa kusini-mashariki unaopenya kati ya nyanda za juu za Ethiopia na za Kenya, ambao wataalamu wa hali ya hewa Kinuthia na Asnani waliueleza kitaalamu mwaka 1982, hushika kasi usiku hadi asubuhi. Kamba za hema zifungwe kwenye mawe, maana vigingi havishiki mchangani. Na gari likikuta maji yanakata barabara ya Kakuma kwenda Lodwar, dereva azime injini, abiria washuke wangoje mahali palipoinuka. Laga hujaa ghafla na hupungua upesi vilevile. Mara nyingi baada ya saa chache barabara huonekana tena, imebaki na tope.